Gego Lililolala

Mke wangu Magdalena akinadi nguo katika gulio la Ikungi, waliokuwa barabara ya Dodoma walimsikia. Ilikuwa mwaka 1993, biashara imeachiwa huru, marobota ya mitumba yanashushwa kila wiki, na wanawake waliozoea kulima alizeti tu walikuwa wanashindana kuuza blauzi za Ulaya. Hakuna aliyemshinda yeye. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, mtu wa sauti ndogo, na nilimwonea fahari kimyakimya.

Mwezi wa saba shavu lake la kulia likaanza kuvimba. Akasukutua maji ya chumvi, likapungua. Baada ya wiki mbili likarudi kwa ukali zaidi. Jirani yetu mzee Alute, aliyekuwa akiwang'oa watu meno kwa plaizi tangu ujana wake, akamfunua mdomo, akayagonga magego moja moja kwa msumari, kisha akasema, "Ni hili." Akaling'oa. Lilitoka zima, jeupe, mizizi yake safi kama mhogo uliooshwa.

"Shikamoo tena, mzee," nikamwambia, kwa kuwa sikujua nianzeje. "Mbona hili halijaoza?"

Akaligeuzageuza kiganjani. Kisha akaondoka bila kunywa chai aliyowekewa.

Siku nne baadaye Magdalena akaamka taya limefunga. Hata kijiko hakikupita. Uji aliunyonya kwa mrija, na kila alipomeza machozi yalimtoka. Mtoto wetu Clement, aliyekuwa na miaka mitatu, alianza kumkwepa mama yake kwa sababu hasemi. Magdalena akachukua daftari langu la maandalio ya masomo akaandika, "Baba Clement, nipeleke mjini."

Tukapanda lori la alizeti hadi Singida. Serikali ilikuwa imeruhusu tena madaktari binafsi, na watu walikuwa wakimtaja Daktari Saada, binti wa wafanyabiashara wa pale mjini, aliyefungua chumba cha meno nyuma ya duka la baba yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, mwenye ushungi mweupe. Alimpapasa Magdalena chini ya taya, akajaribu kumfunua mdomo, usifunuke.

"Leo sing'oi kitu," akasema. "Hapa pamejaa usaha. Tutulize moto kwanza."

Tukalala kwa shangazi yangu siku tano, kila siku sindano. Siku ya sita mdomo ukafunguka upana wa vidole viwili, na daktari akampiga picha ya taya. Aliitoa kwenye dawa ingali inachuruzika maji, akaining'iniza dirishani kwenye jua.

"Mwalimu, njoo uone."

Nikaona meno ya mke wangu yamesimama kama wanafunzi mstarini. Nikaliona pengo alilotuachia mzee Alute. Halafu nyuma kabisa, ndani ya mfupa, nikaona jino lingine kubwa limelala ubavu, kichwa chake kimemwegemea mwenzake aliye mbele.

"Hilo ni gego la mwisho," daktari akasema. "Wengine huliita jino la akili, maana huota mtu akishakua. Hili limekosa nafasi, likalala. Kona yake ndogo tu imechungulia kwenye ufizi, chakula kinaingia chini yake, panaoza. Lile alilong'olewa halikuwa na kosa."

Kwa miaka tisa nilikuwa nachora meno thelathini na mawili ubaoni, yote wima, na watoto wananakili. Kumbe katika uso niliolala nao jirani, uso niliodhani naujua wote, kulikuwa na kitu kimekua gizani mwaka hadi mwaka bila kumwomba mtu ruhusa. Nilimtazama Magdalena, nikamwona mgeni kidogo.

Yeye aliitazama picha kwa muda mrefu. Alikulia kwenye ng'ombe wa baba yake. Akasema kwa mdomo usiofunguka vizuri, "Kama ndama aliyekaa vibaya tumboni."

Daktari akacheka. "Hasa. Na ndama wa hivyo akishindikana hutolewaje?"

"Kwa vipande."

"Basi kazi yangu unaijua."

Akamdunga sindano ya ganzi, akasubiri, akapasua ufizi. Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni, mkono wa Magdalena mkononi mwangu. Mashine ilianza kukereza mfupa kwa mlio mwembamba. Haikufika mbali. Mlio ukashuka, ukafa, na taa iliyokuwa juu ya kiti ikazimika. Umeme ulikuwa wa mgao siku zile, lakini zamu ya mtaa ule ilikuwa kesho yake.

Nikaogopa. Ufizi uko wazi, damu inajaa.

Daktari Saada hata hakuinua kichwa. "Mwalimu, kuna tochi kwenye droo. Simama hapa. Mulika ninapoangalia mimi, si unapoangalia wewe."

Nikamulika. Akachukua patasi nyembamba na nyundo ndogo, akamwambia Magdalena, "Utasikia kugongwa, maumivu hutasikia. Ukisikia maumivu, inua mkono."

Mkono haukuinuka. Tok, tok. Nikaona mfupa wa mtu aliye hai kwa mara ya kwanza maishani, mweupe wenye wekundu kwa mbali, na chini yake mgongo wa lile gego uking'aa. Nilitarajia kizunguzungu, kikaja kitu kingine: nilinyamaza kama mtu aliyeingia kanisani. Mikono ya yule mwanamke ilijua njia mahali nisipoona hata mlango. Aligonga mara moja kwa nguvu, gego likapasuka kati. Akatoa kichwa, kisha mizizi, mmojawapo umepinda kama mwiba wa mgunga.

"Limekwisha," akasema, akaanza kushona.

Magdalena alipoondoka kitini, alimshika daktari mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama viganja kwa zamu. Daktari akaona haya.

"Neno moja," daktari akatuambia mlangoni. "Mzizi ulikuwa umelalia mshipa wa fahamu. Mdomo wa chini unaweza kukaa na ganzi wiki kadhaa. Mshipa haukukatika, umebanwa tu. Utarudi polepole."

Uvimbe ukaisha, taya likafunguka, Clement akarudi mapajani. Ila upande wa kulia wa mdomo ulikuwa si wake. Chai ilimtiririka kidevuni asijue. Kila asubuhi alikaa kizingitini, akafumba macho, nami nikampapasa kwa unyoya wa kuku kuanzia shavuni kushuka.

"Hapa?"

"Nasikia."

"Hapa?"

"Bado."

Wiki ya tatu mpaka wa ganzi ulikuwa umesogea upana wa punje ya mtama. Wiki ya tano, upana wa kidole. Niliuwekea alama kwa wino usoni pake kila Jumapili, naye akaenda kanisani na alama zake bila kujali. Katikati ya mwezi wa kumi niliupitisha unyoya kwenye mdomo wa chini wenyewe, wala sikuuliza.

Akashtuka, akafumbua macho. "Baba Clement," akasema, "kuna sisimizi."

Nikaupitisha tena.