Vidole vya Ramula

Mimi sikai kitako. Wanaonijua pale Namatala, mjini Mbale, wanalijua hilo: hata nikiwa na mteja nazunguka, nainama, nainuka, napanga viatu ambavyo nimeshavipanga. Nauza viatu vya mitumba, na mguu wa mtu naupima kwa macho akiwa bado ng'ambo ya barabara. Sasa siku ile nilifungua mkoba wa binti yangu nikitafuta kalamu, nikakuta kitabu cha bata. Wallahi nilisimama tuli. Kitabu chembamba, kurasa kumi na sita, bata kachorwa amevaa kofia. Na Ramula yuko darasa la tano!

"Hiki nini?"

"Kitabu changu cha kusoma, Baba."

"Nani kakupa?"

"Nimechagua mwenyewe."

Damu ikanipanda. Nielewe vizuri. Mimi ni Mnubi. Babu yangu alivaa buti za jeshi, baba yangu naye akavaa, na kwa kuwa kwetu Uganda wengi huona Kiswahili ni lugha ya askari, mpaka leo nikifungua mdomo nikakisema hapa mjini hakosi mtu wa kuniita afande, wakati mimi bunduki sijawahi hata kuishika. Mama yake Ramula, Mungu amrehemu, alituacha mtoto ana miaka minne. Nimemlea mwenyewe, humo humo kati ya viatu, na nia yangu ilikuwa moja tu: watu wakimtazama huyu waone msomi. Sasa msomi gani anatembea na bata?

Asubuhi yake sikufungua duka. Nilikibeba kile kitabu moja kwa moja hadi shuleni kwao Nabuyonga, na njiani sikusalimia mtu.

Mwalimu wake, Madamu Namono, ni mama mfupi, mpole mpaka anakuudhi. Alinisikiliza nikipiga kelele mlangoni hadi pumzi ikaniishia, kisha akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Mbale, "Baba Ramula, ingia uone kwanza."

Katikati ya darasa palikuwa na sanduku la mbao limejaa vitabu, vinene na vyembamba vimechanganywa. Watoto walikuwa wamelizunguka. Kila mmoja alichukua kitabu, akakifungua katikati, akasoma ukurasa mmoja taratibu huku mkono mmoja umekunja ngumi. Mara kidole kinanyooka. Mara kingine. Mtoto mmoja alifika vitano, akakirudisha kitabu sandukuni, akachukua kingine, na wala hakuna aliyemcheka.

"Neno moja hajui, kidole moja," Madamu akanieleza. "Kidole mbili, tatu, hiyo ni kitabu yake. Ine, anasoma na mtu karibu. Tano, anarudisha. Hakuna aibu. Atakuja kuichukua siku ingine."

"Na huyu bata, Ramula alinyoosha vingapi?"

"Tatu."

"Darasa la tano, bata, vitatu! Na wewe unaridhika?"

"Mwezi iliyopita alikuwa ananyoosha tano kwa kila kitabu, halafu anajifanya anasoma. Sasa anasoma kweli."

Hilo la kujifanya sikulijua. Badala ya kuliuliza, nikatafuta pa kumshika. "Madamu, mimi ni mtu wa viatu. Mtoto hanunuliwi kiatu cha leo. Unamnunulia namba mbili zaidi, unajaza karatasi mbele, anakua nacho. Wazazi wote wa mji huu ndivyo tunavyofanya."

Akaitazama miguu ya watoto wake chini ya madawati. "Najua," akasema. "Saa ya michezo wanavua wote."

Hapo ndipo hasira ikanizidi. Nikambwagia bata wake mezani, nikamwambia kwamba Ramula anahama.

Dada yangu Zahara anakaa Jinja, mtaa wa Nalufenya, safari ya saa kadhaa kutoka Mbale. Siku nyingi alikuwa akinisihi nimpe mtoto akae naye, maana karibu na kwake kuna shule inayosifiwa sana. Nikampigia simu pale pale barabarani, nikitembea huku na huku mpaka mwenye boda akanipigia honi. Zahara akasema kuingia kuna usaili: mtoto anasoma mbele ya mwalimu mkuu. Usaili ni Jumamosi, baada ya wiki tatu. Akipita, anaanza Jumatatu yake na anabaki huko huko.

Wiki tatu! Nilikwenda kwa mchuuzi wa vitabu vikuukuu karibu na mnara wa saa.

"Nataka kitabu cha mtoto wa shule. Kinene."

"Kinahusu nini?"

"Nimesema kinene, bwana."

Akanipa kimoja cha jalada gumu, la buluu, kurasa mia sita na zaidi. Ungeweza kukikalia. Nikarudi nacho dukani nikiwa nimekiweka kifuani ili majirani wakione.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kabla ya hapo sikuwahi kulitia maanani. Mwezi huo wote Ramula alikuwa akitoka shuleni anakaa nyuma ya duka juu ya gunia la viatu na kusoma kwa sauti. Bata akisema, anasema kama bata. Mzee wa hadithi akikohoa, anakohoa. Anacheka peke yake mpaka wateja wanacheka. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwambia, "We mtoto, punguza sauti, nashindwa kuuza."

Basi akapunguza. Kitabu cha buluu kilipoingia, duka likawa kimya. Alikaa pale pale, kitabu kimemlemea mapajani, anageuza ukurasa baada ya ukurasa. Siku ya kwanza nikaona kidole kinanyooka, cha pili, cha tatu, hajafika hata mstari wa nne.

"Nisivione hivyo vidole!" nikamfokea. "Huko Jinja utawanyooshea vidole?"

Akauficha mkono chini ya gauni. Akaendelea kugeuza kurasa.

Muzafaru, mwenye boda anayeegesha mbele ya duka langu, akaniuliza, "Redio yako imeharibika? Siku hizi simsikii mtoto."

"Anasoma kimya kimya. Ndivyo wasomi wanavyosoma."

"Haya," akasema, lakini alimtazama Ramula kwa huruma, nami sikupenda.

Wiki ya pili, Ramula amekwenda chooni, nikakifungua hicho kitabu mwenyewe. Kiingereza nakisoma, si cha kujisifia, lakini nakisoma. Loo! Kilikuwa kitabu cha magonjwa ya ng'ombe. Minyoo ya ini, kwato kuoza, kiwele kuvimba, na picha zake. Nikakifunga polepole. Ningemwambia nini? Mwanamume mzima, nimemkalisha mtoto na minyoo ya ng'ombe siku tisa, na yeye hata siku moja hakuniuliza kwa nini! Nilipaswa kumwomba radhi palepale. Nikaona haya, nikanyamaza, nikakirudisha kama nilivyokikuta. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jumamosi ikafika. Nilimvalisha viatu vyeusi nilivyomchagulia katika robota jipya la mitumba, namba mbili zaidi, mbele nimejaza gazeti. Kwa Zahara tukaacha begi la nguo zake na godoro. Ramula hakusema neno tangu Mbale. Mimi nilisema kwa niaba ya sote wawili: tazama shule ilivyo kubwa, tazama majani yalivyokatwa, simama wima, usinung'unike, wakikuuliza jibu.

Mwalimu mkuu, Bwana Aloysius, alikuwa mzee wa miwani, hana haraka. Ukutani kwake kulikuwa na rafu ya vitabu vya watoto, ndefu kushinda duka langu.

"Ramula," akamwambia, "nenda kwenye rafu, chagua kitabu chochote, uje unisomee ukurasa mmoja."

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha nyuma, mguu unatikisika wenyewe. Ramula akasimama mbele ya rafu. Mkono wake ukaenda kwenye kitabu chembamba chenye mbuzi juu yake, ukakigusa. Nikakohoa. Sikupanga, wallahi, kikohozi kilinitoka tu. Akageuka akanitazama. Akauondoa mkono kwa mbuzi, akachukua kinene kuliko vyote.

Akakaa mbele ya mwalimu, akaanza. Maneno mawili yakatoka vizuri. La tatu likakwama. Akaliruka. Likaja lingine. Bwana Aloysius alikuwa anamtazama uso, lakini mimi kutoka nyuma niliona mkono wa kushoto wa Ramula chini ya meza. Alikuwa anahesabu kwa kuficha. Kidole kimoja. Viwili. Alikuwa ananificha mimi! Vitatu. Vinne. Na sauti yake ilizidi kushuka mpaka ikawa ya mtoto ambaye simjui.

Nikainuka.

"Mwalimu, naomba nitoke."

"Una shida, mzee?"

"Shida ni mimi." Nikamwambia Ramula, "Mama, rudisha hicho. Chukua unachotaka wewe. Mimi siko tena humu."

Nikatoka, nikafunga mlango nyuma yangu. Uani nilizunguka mti wa maua mara sijui ngapi. Dirisha lilikuwa wazi. Kwanza kimya. Halafu nikasikia mbuzi analia, kumbe ni Ramula. Kisha bibi harusi anapiga kelele kwa sababu mbuzi amekula gauni lake. Kisha mwanangu akacheka, na Bwana Aloysius naye akacheka kicheko kizito cha wazee. Nilijishika kiuno, nikajiambia, Wahab, mwanamume halii kwenye shule ya watu. Nililia kidogo.

Bwana Aloysius akaniita ndani, Ramula akatoka nje kunisubiri. "Amepita," akasema, akinipa barua ya kukubaliwa. "Anasoma vizuri kwa kiwango chake, na anakijua kiwango chake. Hilo la pili watoto wengi hawana. Nilimuuliza kwa nini kwanza alichukua kile kinene."

"Akasema nini?"

"Akasema alikosea. Sikumwamini."

Nikaikunja ile barua, nikatoka nayo. Hiki ndicho nilichokitaka, nilikuwa nacho mkononi.

Nilimkuta kwenye benchi. Amevua viatu, ameyatoa magazeti niliyojaza, ameyanyoosha juu ya goti na anayasoma. Nikakaa. Mimi, nikakaa.

"Umepita, mwanangu."

"Nimesikia."

"Jumatatu unaanza. Shangazi amekutandikia."

Akatazama mbele. Kisha akaukunja mkono wake ngumi juu ya goti, mahali ninapoona.

"Shangazi Zahara akikasirika anafanyaje? Wewe najua, unazunguka. Yeye sijui." Kidole kidogo kikanyooka. "Hapa wakicheza wanasema Kisoga. Sijui." Cha pili. "Nikiugua usiku namwamsha nani, sijui." Cha tatu. "Nikisoma kwa sauti kama watanivumilia, sijui." Cha nne.

Vinne. Dole gumba likabaki limelala. Nami nikakumbuka maneno ya Madamu Namono: vinne, anasoma na mtu karibu. Nikajipa moyo, nikaona bado tunaweza.

"Na wewe, Baba," akaniuliza, "utakuwa unakuja lini kuniona?"

Nilifungua mdomo nijibu. Duka langu halina mtu mwingine. Jumapili ndiyo siku ya wateja, Jumatatu nachukua mzigo, Ijumaa naswali na kurudi kazini. Nilizipanga siku zote saba kichwani kama ninavyopanga viatu, na sikuona pengo. Ningeweza kudanganya. Lakini alikuwa ananitazama, na ule mkono uko gotini.

"Sijui," nikasema.

Akalinyoosha dole gumba. Hakulia, hakununa. Alinionyesha tu kiganja kizima, kisha akasubiri, kama watoto wale wanavyosubiri kando ya sanduku.

Nikainuka, nikarudi ndani kwa Bwana Aloysius, nikamwekea barua mezani.

"Kuna nini tena, mzee?"

"Vidole vitano, bwana."

Aliitazama barua, akanitazama mimi, akatazama dirishani alipokuwa Ramula pekupeku na magazeti yake. Akafungua mtoto wa meza, akaiweka ndani.

"Siku mtakapoitaka," akasema, "iko hapa."

Tukaenda kwa Zahara kuchukua begi na godoro. Alinisema sana yule dada yangu, na mimi nikakaa kitako, nikasikiliza mpaka mwisho.