Mfano Huu Uondolewe

Ghati alikuwa mwepesi wa kusahihisha, na wepesi huo aliuringia. Wakufunzi wenzake katika chuo kimoja cha ualimu mjini Kasulu walihenya na kazi za wanafunzi wa mtandaoni wiki nzima. Yeye alikuwa na jedwali lake la vigezo: vigezo sita, kila kimoja na alama zake na maoni yaliyokwisha kuandikwa. Unasoma, unabofya, unahamia kwa mwingine. Kazi arobaini kwa siku mbili. Mtu wa Tarime, alisema, hana muda wa kubembeleza karatasi.

Tusimwonee, lakini. Kabla ya jedwali, anayejuana na mkufunzi alipata alama za bure na asiyejulikana akaishia kulalamika. Jedwali halikujua sura ya mtu. Hilo Ghati alilipenda kwa moyo wote.

Mwezi wa tano mwaka 2014 ikaja kazi ya Winifrida, mwalimu wa darasa la awali kijijini huko Kibondo. Kila kazi ilimlazimu kupanda pikipiki hadi mjini, akae steshenari kwa Leonidasi, achape kwa vidole viwili akiombea umeme usikatike. Swali lilitaka aeleze jinsi mtoto anavyojifunza kuhesabu. Aliandika kurasa tatu juu ya mtoto mmoja aitwaye Nadine, katika kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtabila, kabla haijafungwa.

Kigezo cha nne kilidai mifano itoke katika shule anayofundisha mwanafunzi sasa. Ghati akaona neno Mtabila, akabofya alama nne kwa ishirini. Na kwa kuwa siku hiyo alikuwa na roho nzuri, akaongeza maneno yake mwenyewe: "Mfano huu uondolewe. Weka wa shule yako ya sasa, utafaulu vizuri."

Baada ya wiki mbili kazi ikarudi. Nadine hayumo. Mahali pake palikuwa na mwanafunzi wa kwanza na mwanafunzi wa pili, wanahesabu vijiti kama walivyoelekezwa. Ghati akampa kumi na nane, akafurahi kwa dhati.

Septemba wanafunzi wote wakaja Kasulu kufanya mtihani. Walipotoka, Ghati akamshika Winifrida mkono pale barazani, mama mrefu, mkimya, akamtangaza mbele ya wenzake.

"Mnamwona huyu? Nilimwandikia mistari miwili tu, akarekebisha kazi nzima. Igeni."

Winifrida akainamisha macho. Mwenzake Rosa, aliyekuja naye, akamwita kutoka kwenye ngazi. "Mama Nadine! Gari litatuacha."

"Kumbe Nadine ni wako!" Ghati akacheka. "Yuko darasa la ngapi sasa?"

Winifrida ndiye aliyejibu, bila haraka.

"Hayupo, madamu. Malaria. Alikuwa na miaka sita. Tulimzika hukohuko Mtabila. Kambi ilipofungwa baba yake akarudi kwao Burundi, mimi Muha nikarudi kwetu Kibondo. Pale sasa ni pori."

Ghati aliona aibu hadi masikio yakamwaka. "Pole, mama. Mbona hukusema ni mwanao?"

"Swali halikuuliza hilo."

"Nitaitafuta ile kazi ya kwanza, nikuchapishie." Alipolisema tu akajua amekosea. Mfumo ulitunza kazi ya mwisho. Ya kwanza ilifutika mpya ilipoingia. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake jambo hilo. "Pale ulipochapia je, hawana nakala?"

"Hawana. Niliandika juu ya ileile. Nilikuwa nafuta huku naandika." Kisha uso wake ukalegea kidogo, ukawa na tumaini. "Lakini wewe uliisoma, madamu. Sijawahi kumsimulia mtu mwingine. Picha hatukumpiga, na mengi nimeanza kuyasahau; siku ile yalinijia yote. Nikumbushe. Ile ya maharage, niliiandikaje?"

Ghati akajaribu kukumbuka. Neno Mtabila lilikuwa katika mstari wa pili, maana hapo ndipo jicho lake lilipoishia. Maharage hakuyaona. Alizipekua kurasa zile tatu kichwani, akakuta alama nne, akakuta maneno yake mwenyewe. Mtoto hakumkuta. Angeweza kusema kweli wakati ule, lakini macho ya yule mama yalimshinda.

"Alikuwa anahesabu vizuri sana," akasema.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Ghati haikufika hata kwenye ngazi za baraza. Winifrida akaokota mkoba wake.

"Hapana, madamu," akasema kwa upole. "Alikuwa hajafika kumi. Kila siku aliyahesabu maharage akaishia saba, anacheka, anaanza upya. Hiyo ndiyo niliyoiandika."