Ndoano Tupu

Pale kwetu tunaishi familia nyingi kwenye ua mmoja. Kila familia ina vyumba vyake na mlango wake, lakini jiko kubwa, chumba cha kufulia na bustani ni vya wote. Tulichagua wenyewe kuishi hivyo, kwa hiyo usinionee huruma. Huruma mwonee mama mkwe wangu, maana siku ninayotaka kukusimulia alikuwa afe mikononi mwetu, sote tukiwa na akili timamu na sheria zetu nzuri.

Sheria yenyewe ni hii. Mlango wa jiko kubwa una ndoano, moja kwa kila familia. Ukiingia unatundika kibao chako cha mbao, ukitoka unakichukua. Kibao kikiwepo, ndani kuna mtu, na mlango haufungwi. Ndoano zikiwa tupu, ndani hamna mtu, basi anayepita anafunga. Watoto wetu waliijua sheria hiyo kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati. Kibao chetu kilikuwa cha njano, na Mama mwenyewe ndiye aliyekipaka rangi, enzi hizo yeye na marehemu mumewe wanachimba msingi wa jiko lile pamoja na mzee mmoja tunayemwita Kufuli.

Kufuli ndiye mwenyekiti wetu. Alifanya kazi ya stoo maisha yake yote, na hata alipostaafu, stoo haikumtoka. Hapiti mlangoni bila kujaribu kitasa. Funguo zake utazisikia kabla hujamwona.

Sasa Mama akaanza kusahau. Anatoka jikoni, kibao anakiacha kinaning'inia, kila anayepita anajua ndani kuna mtu, mlango unalala wazi. Mara ya kwanza tulicheka. Mara nyingine tukaamka tukakuta mtungi wa gesi umeondoka, na hapo hakuna aliyecheka.

Kufuli akaitisha mkutano. "Shemeji tunamheshimu," akasema, "lakini kibao na ufunguo vikabidhiwe. Akitaka kuingia jikoni, aingie na mtu."

Niliinuka. "Mwenye jiko anasindikizwa jikoni kwake? Mzee, una haya kweli wewe?"

"Jiko ni la wote, binti yangu. Hatupigi mtu vita, tunalinda mali."

"Mali ya nani? Msingi huo kauchimba nani?"

Nilimtazama Nesi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, nikitegemea aseme neno. Nesi akatazama vidole vya miguu yake. Kisha mkono wake ukapanda pamoja na mingine. Nikamkata jicho, nikasonya mbele za watu wazima, wala sijutii.

Mama akainuka. Alikitoa kile kibao, akakifuta kwa upindo wa gauni lake kama anayekabidhi sahani ya watu, akamwekea Kufuli kiganjani pamoja na ufunguo wetu. "Chukua, shemeji. Msigombane kwa ajili yangu." Kufuli akakitia kibao mfuko wa shati.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi ndiyo siku tunayokula pamoja, ua mzima, na tangu niolewe sijawahi kuona Jumamosi ambayo Mama hakumenya viazi. Asubuhi hiyo nilimpa dawa yake, nikamwekea mkate na chai mezani, nikarudi kwenye cherehani. Mimi ni fundi wa nguo, na nilikuwa na sare za wanafunzi za kumaliza.

Mama ana kisukari. Akimeza dawa lazima ale. Asipokula, sukari inashuka, anatetemeka, anasema ovyo, kisha anazima. Ilishamtokea, na Nesi ndiye aliyemrudisha. Aliniambia siku ile, "Tushukuru tumemuwahi. Tukichelewa, haamki." Na mume wangu, anayeendesha malori ya masafa, kila akisafiri neno lake la mwisho ni moja: "Nakuachia mama yangu."

Nilipoinuka kunyoosha mgongo, jua limeshapanda, nikakuta mkate vile vile. Chai imepoa, imefanya utando juu. Chumbani hayupo, na kitanda kimetandikwa.



Nilitoka mbio, kichwa wazi, tepu ya kupimia bado shingoni. Chumba cha kufulia, hayupo. Bustanini, hayupo. Nikaita "Mama! Mama!" mpaka majirani wakatoka. Nesi hakuuliza maswali. Alipoona uso wangu tu akasema, "Kala?" Nikamwambia hajala. Akavaa viatu. Ule ugomvi wetu wa jana sijui ulienda wapi.

Watu wakatawanyika. Wengine wakashika barabara ya juu, wengine wakaenda dukani, wengine kituo cha basi. Mimi nilipita mbele ya jiko kubwa nikaona ndoano tupu, nikapita. Nikarudi, nikaziona tena, nikapita tena. Ee Mungu wangu, macho yangu mwenyewe!

Kufuli alikuwa getini, anagawa watu kwa mafungu. Nikamuuliza, "Jikoni mmetazama?"

"Jiko nimelifunga mwenyewe asubuhi, Nesi alipomaliza kutoa masufuria uani. Ndoano zilikuwa tupu. Hata dirishani nimechungulia. Humo hamna mtu."

Ikanitosha. Unaona tulivyokuwa? Ndoano imesema hamna mtu, nani ataibishia?

Nikarudi ndani kuchukua simu nimpigie mume wangu. Nitamwambia nini? Nilisimama dirishani, simu mkononi, nashindwa kubonyeza. Hapo ndipo nikaona pengo. Pale dirishani Mama huweka kisu chake kidogo, kile chenye mpini uliofungwa uzi, na hakikuwepo. Kisu hicho hakina kazi nyingine duniani zaidi ya kumenya viazi vya Jumamosi.

Sikumbuki nilivyofika getini. "Nipe ufunguo wa jiko."

"Binti yangu, tusipoteze muda. Nimekwambia ndoano..."

"Nipe ufunguo!"

"Angekuwa ndani kungekuwa na kibao."

"Kibao kipi?" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Kibao chake si unacho wewe mfukoni? Angetundika nini, mzee? Angetundika sikio lake?"

Kufuli akashika mfuko wa shati. Uso ukamshuka. Alianza kukimbia kabla yangu, yule mzee mwenye goti bovu, na mlangoni alikosea ufunguo mara mbili mpaka nikamnyang'anya nikafungua mwenyewe.

Jiko lilikuwa tupu. Lakini jiko lina stoo kwa nyuma, haina dirisha, na mlango wake ulikuwa umerudishwa. Nikausukuma.

Mama alikuwa amekaa sakafuni kati ya magunia, ameegemea ukuta, gauni limelowa jasho. Mbele yake beseni la viazi, nusu vimemenywa, vingine vimekatwakatwa hovyo. Kisu kilikuwa kimemwanguka. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Mama! Tumekuita dunia nzima! Mbona huitiki?"

Akanitazama kwa shida. "Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilisikia mkipita. Hata sauti ya shemeji niliisikia, akifunga." Ulimi ulikuwa mzito. "Si nimekatazwa kuingia? Nikiitika, watajua nimo. Watakufukuza wewe na watoto kwa ajili yangu."

Nesi alishapiga magoti. Alitupa macho huku na huku akitafuta kitu kitamu, na hakuhitaji kwenda mbali, kwa sababu bega la Mama lilikuwa limeegemea gunia la sukari. Lilikuwa wazi, kikombe cha kupimia kimelala juu yake. Nesi akachota, akakoroga na maji, akamnywesha kidogo kidogo, huku machozi yanamtiririka.

"Mama, sukari si hii hapa," akasema. "Na unajijua. Ungelamba hata kidogo."

"Ni ya wote hiyo," Mama akajibu. "Mimi nimetolewa."

 Mimi nilikuwa na maneno ya kumwambia Kufuli, maneno mabaya, nilikuwa nayo tangu Ijumaa. Nikageuka nimmwagie. Alikuwa amesimama kizingitini, kajiziba mdomo kwa kiganja, analia kama mtu aliyefiwa. Nikamgeukia Mama tena.

Rangi ikaanza kumrudia Mama. Nesi akasema tumtoe nje apate hewa. Mama akashika gunia.

"Sitoki. Nikitoka mlango unafungwa, na mimi ufunguo sina."

Tulimbembeleza, wapi! Ndipo Kufuli akatoka. Tukasikia mlango wa mbele ukigongwa kidogo, ubao kwa ubao. Akarudi, akachuchumaa mbele yake na goti lake bovu. "Shemeji, kibao chako kipo mlangoni. Nenda ukakione."

Mama akaliachia gunia. Kisha akanipa mkono. "Viazi mvifunike," akasema, "visije vikawa vyeusi."

Tulimtoa polepole, mimi kulia, Nesi kushoto. Mlangoni akakiona kibao cha njano kinaning'inia, akakigusa kwa kidole, akatabasamu. Halafu akapita zake na kukiacha pale pale, kama kawaida yake.

Nikanyoosha mkono nimchukulie.

"Kiache," Kufuli akasema.