Kijichumba cha Mlangoni kwa Rais

Chumba cha kazi cha Wendell Haugen, mshauri wa Rais wa Marekani, kilikuwa na dari la juu kama la kanisa, meko ya marumaru, na roshani ambayo mtu angeweza kusimama akanywa kahawa huku akiwatazama watalii wakipigana picha kwenye uzio. Kilikuwa katika lile jengo kubwa la kijivu lililo jirani na Ikulu, ng'ambo ya kichochoro wanapoegesha magari wakubwa. Ndugu zake walipotoka Dakota Kaskazini kuja kumtembelea, waliingia humo wakavua kofia. Wendell alikichukia chumba hicho kuliko alivyowahi kukichukia kitu chochote cha bure.

Kilichomkaba roho kilikuwa upande wa pili wa kichochoro. Huko, ndani ya Bawa la Magharibi, ubavu wa Ikulu zilimo ofisi za Rais na watu wake wa karibu, rafiki yake Curtis Mabry alipewa stoo. Sisemi stoo kwa dharau. Ilikuwa stoo kweli, marais waliotangulia walirundika humo viti vya akiba. Haikuwa na dirisha. Curtis akikaa mezani, mlango haufunguki wote, na mgeni ilibidi aingie ubavuubavu. Lakini stoo hiyo ilipakana ukuta na ofisi ya Rais, na Rais Loretta Tillman, mama aliyezoea kuendesha jimbo lake kwa sauti, hakupenda simu za ndani. Akimhitaji Curtis aliita tu.

"Curtis!"

Na Curtis huyo, keshaingia.

Wendell aliisikia sauti hiyo mara moja tu, siku alipopeleka faili, na tangu hapo haikumtoka masikioni. Hakutaka cheo kingine wala nyongeza ya mshahara. Alitaka kuitwa yeye. Alitaka Rais wa nchi nzima, akikwama kwa jambo, apaze sauti aseme "Wendell!" na ukuta uitikie.

Walianza pamoja, na hilo ndilo lililouma zaidi. Wote wawili walimpigia Loretta Tillman kampeni tangu alipokuwa gavana asiyejulikana hata jimbo la jirani. Walilala moteli moja Iowa katikati ya baridi, wakala soseji za vituo vya mafuta, wakasukuma gari moja kwenye theluji, mmoja akikanyaga mafuta na mwingine akirushiwa matope. Waliposhinda, vyumba vikagawiwa. Mmoja akapata meko, mwingine akapata mlango.

"Una roshani, mume wangu," mkewe Noreen alimwambia mezani, viazi na nyama ya kusaga vikipoa kwenye sahani yake. "Curtis wa watu anafanya kazi kabatini."

"Huelewi, Noreen."

"Naelewa sana. Unamwonea wivu mtu aliye kabatini. Hebu ngoja nimpigie mama simu, kwa siku nyingi hajacheka."

Wendell alinuna, akala viazi. Angemwelezaje? Ukitaka kujua serikali ile inavyokwenda, ifuate karatasi moja. Wendell aliandika pendekezo la kuzinusuru hospitali ndogo za mashambani, zile zinazofungwa moja baada ya nyingine, mpaka mjamzito anaendeshwa mwendo wa nusu siku akajifungulie ugenini. Pendekezo likaenda Wizara ya Afya, wakalimega. Likaenda Hazina, wakalimega. Wanasheria wakalinusa, watu wa bajeti wakalikunjia uso, likarudi kwa Wendell limekonda, akalinenepesha, likaondoka tena. Lilianza safari majira ya kuchipua na majani yalikuwa yanapukutika lilipotua kwenye meza ya Rais, likiwa na visanduku vitatu chini vya kutiliwa alama: nakubali, nakataa, tuzungumze.

Rais alitia alama ya kukubali. Kisha kwenye mkutano wa asubuhi, mbele ya washauri wote, akasema, "Hili la hospitali nimelipenda mno. Curtis alinieleza lote wakati napaka siagi mkate wangu."

Watu wakacheka. Wendell naye alicheka, kwa meno tu.

"Mheshimiwa Rais, ile ni kazi ya—" Curtis alianza kusema, lakini mama alikwishahamia mambo ya Uchina.

Wendell alimwona rafiki yake akijaribu. Aliona vizuri kabisa. Lakini mwenye kijiba cha roho haoni anachokiona, na Wendell alijiambia moyoni, anajifanya huyo. Angetaka kusema angesema. Miezi yote ile ya jasho imeliwa kwa kipande cha mkate!

Majuma machache baadaye Waziri wa Kilimo akajiuzulu, mgongo umemshinda, akarudi kwao kupumzika. Rais aliwakusanya washauri wake, akauliza nani ana jina. Wengine walikuwa bado wanatafuta pa kuweka vikombe vyao Wendell alipofungua kinywa.

"Curtis," alisema. "Mheshimiwa, kwa nini tuzunguke? Amekulia kwenye ng'ombe. Anaijua ngano, anawajua wakulima, Seneti haitakuwa na pa kumshika. Hakuna mtu mwaminifu kama yeye katika jumba hili. Mimi nimelala naye chumba kimoja Iowa, namjua hata anavyokoroma."

Aliendelea hivyo, akamsifu mpaka Curtis mwenyewe akatazama chini. Rais aliweka miwani mezani.

"Wendell," alisema polepole, "una roho nzuri."

Akufukuzaye hakwambii toka. Wendell alivuka kichochoro akirudi kwake, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Washington alipiga mluzi.

Sasa, mshauri wa Ikulu huajiriwa kwa neno la Rais peke yake na kufukuzwa vivyo hivyo. Waziri ni habari nyingine. Rais humtaja tu, halafu Seneti ndiyo inayokubali au kukataa, na kabla ya hapo wapelelezi huchimbua maisha ya mtu mpaka kwa mwalimu wake wa chekechea. Mpelelezi mmoja alikuja kwa Wendell, akakaa mbele ya meko na kalamu yake.

"Je, Bwana Mabry ana tabia yoyote inayoweza kumwaibisha Rais?"

Wendell alifikiri. Alijua jambo moja tu baya juu ya Curtis, kwamba alikuwa Curtis.

"Hana," alijibu. "Andika hana kabisa."

Jioni ile Curtis mwenyewe alikuja. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akasimama mahali jua lilipokuwa likiingia.

"Kaka, kwani niende kweli?"

"Unaniuliza? Utakuwa waziri! Utakuwa na maelfu ya watu chini yako, na sheria mkononi. Mimi na wewe hapa tuna nini? Midomo tu. Tukisema neno, Rais asipolichukua, limekufa."

"Ni kweli." Curtis aliweka kiganja kwenye kioo. "Unajua nimekuonea wivu chumba hiki tangu siku ya kwanza? Natoka nyumbani giza, nakaa kabatini, narudi nyumbani giza. Hebu ona, una mti!"

Wendell alicheka. Aliona anataniwa, na utani wenyewe ni wa mtu aliyeshiba.

"Ila nitaikosa ile sauti," Curtis akasema. "Ananiita kwa kila kitu, bwana. Hata miwani ikimpotea."

Hapo moyo wa Wendell ukafinywa kama kwa koleo. Kumbe hata miwani!

"Nenda, ndugu yangu," alisema. "Utazoea."

"Na kijichumba changu je?"

"Kijichumba kipi?" Wendell aliuliza, kana kwamba hajawahi kukisikia.

Curtis aligeuka, akamtazama kidogo, akatabasamu. Kisha akarudi kuutazama mti.

Siku ya Curtis kuhojiwa na maseneta, hakuna aliyemwombea dua kama Wendell. Alikaa mbele ya televisheni amekunja ngumi. Seneta akiuliza juu ya bei ya mahindi, Wendell alitokwa jasho, na Curtis akijibu vizuri, Wendell alipiga meza, "Hapo sawa, kaka!" Katibu wake aliyekuwa chumba cha pili alifuta machozi kuona urafiki wa namna ile. Kura zilipopigwa Curtis alipita bila taabu.

Curtis alipokwisha kula kiapo, Judith Pruitt, mama mkavu aliyekuwa mkuu wa wasaidizi wa Rais, alimsimamisha Wendell kwenye korido. "Hamia chumba cha Curtis. Ni amri ya Rais."

Wendell hakuuliza kwa nini. Alijua kwa nini. Hatimaye kazi yake imeonekana.

Noreen alikuja kukiona. Alisimama mlangoni, maana ndani hapakuwa na pa kusimama.

"Hapa ndipo?"

"Ndipo."

"Wendell, choo chetu kina dirisha."

"Sikiliza," alinong'ona, akaelekeza kidole ukutani. "Unamsikia? Huyo anayekohoa ni Rais wa Marekani."

"Mpe dawa basi," Noreen akasema, akaenda zake.

Wendell alikaa akangoja kuitwa. Alisikia kikohozi, alisikia kikombe kikigusa sahani, alisikia droo. Hakusikia jina lake. Rais alipita mlangoni pake, akamsalimu vizuri, akaenda zake. Asubuhi moja sauti ilipanda ghafla, "Cur—" na Wendell akaruka, akagonga goti kwenye meza. Rais aliikatiza mwenyewe, na baada ya hapo Wendell alimsikia akitafuta miwani yake peke yake, akifungua na kufunga droo. Goti lilimuuma mpaka usiku, lakini si kama ile "Cur—."

Baraza la mawaziri lilipokutana mambo yakawa mabaya zaidi. Mawaziri huketi mezani, kila mmoja na kiti chake chenye kibati cha shaba kilichochongwa cheo chake, na washauri huketi nyuma, wameegemea ukuta kama ndugu wa bibi harusi waliochelewa. Wendell alikaa ukutani akitazama kisogo cha Curtis. Curtis aliulizwa habari za mafuriko, akasema wizara yake imekwishatuma watu, na watu walikuwa wamekwishafika. Hakuomba karatasi wala hakungoja kisanduku. Wivu uleule ukampanda Wendell, umebadili kiti tu. Alimwonea wivu mwenzake chumba, akakipata chumba. Sasa alikuwa anamwonea wivu kiti, na kiti hicho alimpa yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

Alirudi kijichumbani, akafunga mlango. Ukuta ulikuwa mwembamba kuliko kawaida mchana ule, au labda Rais alikuwa na furaha. Alikuwa akiongea kwa simu.

"Curtis, umenifurahisha leo... Eeh, yupo hapa jirani... Aa, hajui. Nimwambie? Siku ile ulivyokaa hapa umekunja mikono, 'siendi Kilimo mpaka Wendell apewe chumba changu,' nikasema huyu mkaidi ataniacha na viazi vyangu bila waziri." Akacheka. "Mimi nilitaka kumweka Judith pale... Haya... Ndiyo, niliona. Nani asiyeona? Mtu hamsifu mwenziwe namna ile kama hataki kiti chake! Maskini, alikuwa ametokwa jasho... Sijamkasirikia. Kama wewe humkasirikii, mimi ni nani? Haya, mpigie mwenyewe."

Masikio yalimwaka Wendell moto. Angependa kuona haya, na haya aliziona. Angependa kuona shukrani, nayo ilikuwa njiani labda. Lakini kilichofika kwanza, kikawapiga wengine kikumbo mlangoni, kilikuwa kilekile. Hata hiki amenipa yeye, aliwaza. Hata hiki!

Ng'ambo ya ukuta simu iliwekwa chini. Haukupita muda, simu ya mezani pake ikaanza kulia. Aliitazama. Kwenye kioo chake kidogo liliandikwa jina la Wizara ya Kilimo.

Hakuipokea. Ikalia, ikanyamaza, ikaanza tena. Katika stoo ile isiyo na dirisha mlio uligonga kuta zote nne.

Ndipo ukuta ulipomwita, sauti ileile aliyoiota mwaka mzima, wazi, kubwa, ya mama asiyependa simu za ndani.

"Wendell!"

Alisimama kabla hajajua amesimama. Goti likagonga meza palepale pa siku ile.

"Naam, Mheshimiwa!"

"Mpokelee Curtis simu!"