Mwangalizi wa Ukingoni

Saa moja kasoro robo asubuhi Rubani alitandaza ramani juu ya sanduku la betri, akaikandamiza kwa mawe manne, akaanza maelekezo. Droni ilikuwa miguuni pao, pangaboi bado zimefungwa. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kupiga picha mapaa ya kiwanda. Sheria ya Rubani ilikuwa moja: kila mtu arudie kazi yake kwa mdomo wake, la sivyo hakipai kitu.

"Betri?"

"Mbili zimejaa, moja ya akiba. Upepo ukizidi nakwambia tushuke," alisema mumewe, fundi wa betri, ambaye watu walimwita Chaji.

"Mwangalizi?"

"Nasimama juu ya paa, hatua tatu kutoka ukingoni. Sirudi nyuma bila kugeuka," alijibu mdogo wake Rubani, aliyezikwa miezi minne iliyopita.

Vumbi la siku aliyoanguka lilikuwa bado mgongoni mwake. Chaji alimpangusa, akampa kizibao na redio.

"Umekonda, shemeji."

"Na wewe kitambi hicho umekitoa wapi?"

Siku ile hapakuwa na maelekezo. Bosi alisema wamechelewa, akamtuma juu hivyo hivyo. Mwangalizi akarudi kinyumenyume akiifuata droni kwa macho, paa likaisha. Ripoti ikaandikwa kwamba alipanda kwa kiherehere chake, hakutumwa na mtu. Mama yao alisomewa mara moja, akaomba ikunjwe. Rubani aliapa kwamba neno hilo moja, "hakutumwa", litafutwa.

Saa moja kamili bosi alifika na kikombe cha chai.

"Muulize mwenyewe nani alimtuma," Rubani alisema.

"Si wewe, bosi?" alisema marehemu. "Ulisema nipande haraka, maneno baadaye."

Bosi alipuliza chai yake, akamtazama marehemu juu mpaka chini.

"Ripoti ile imeshafungwa, dada. Lakini kama kazi bado anaiweza, muingize kwenye zamu. Na kesho asichelewe."

Rubani aliandika kwenye fomu ya leo: ametumwa na bosi. Bosi akasaini bila kusoma, na mwangalizi akapanda ngazi.

Kesho yake Rubani aliuliza tena, mbele ya bosi, nani alimtuma siku ile. Keshokutwa pia. Mpaka leo anauliza kila asubuhi, kabla ya betri. Mdogo wake hujibu, na hajakosa zamu hata moja. Ripoti bado inasema hakutumwa na mtu.