Jicho la Kushoto la Shujaa Mvuke

Raizo alipoanza kuninunulia chai ya shayiri bila kuombwa, nikajua kuna jambo. Kwetu Kamiyuda mtu hakupi kitu bure isipokuwa figili, na figili anakupa kwa sababu shamba limemzidi. Raizo namjua tangu chekechea. Ni mkarimu wa maneno, si wa mfuko. Kwa hiyo nilipokea kopo, nikasema asante, nikaanza kumchunguza.

Sisi wawili ndio mashujaa wa mji. Sijisifu, ndiyo kazi yenyewe. Kila Jumapili, kwenye jukwaa la mbele ya bafu la maji moto, mimi huvaa vazi jekundu na kofia ya kufunika kichwa kizima nikawa Shujaa Mvuke. Raizo huvaa jeupe lenye majani ya kijani utosini akawa Shujaa Figili. Tunapigana na Malkia wa Baridi, ambaye siku za kazi huuza tofu, ile jibini ya soya. Sauti zetu zimerekodiwa, na ya Figili ni ya mkuu wa stesheni, nzito ya kutikisa madirisha. Sisi tulio ndani ya mavazi hatusemi neno, wala hatuvui kofia mbele ya mtoto, hata nyuki akiingia. Anayevunja sheria hiyo huondoka.

Hadithi yenyewe usiniulize. Huchorwa na babu Orikasa, kinyozi mstaafu, katika vijitabu vya katuni vinavyouzwa stesheni, nasi tunaigiza alichochora. Mwaka jana Mvuke aligeuka jiwe ghafla, akakaa jiwe maonyesho kadhaa. Halafu akatokea pacha wake kutoka siku zijazo, akapigana wiki mbili, akarudi alikotoka. Halafu Mvuke na Figili wakafungwa pamoja kwa kamba isiyokatika, na hadi leo hakuna ajuaye kamba ilitoka wapi. Wazazi walikuna vichwa. Watoto hawakujali. Walichotaka ni kuwaona wale wawili wakishikana mikono.

Kushikana mikono nako ni kazi tu, ndivyo nilivyokuwa nikisema. Matundu ya macho kwenye kofia ni membamba na hushika ukungu, kwa hiyo tunaongozana kwa vidole. Akinibonyeza kiganja, kuna ngazi. Akinikwaruza, ukingo wa jukwaa uko karibu. Raizo hukaa kushoto kwangu. Na kushoto mimi sikuwa naona. Tangu majira ya baridi jicho langu la upande huo lilikuwa linazimika pole pole, nami sikumwambia mtu, hata mama. Mwenyekiti Numajiri wa chama cha wenye maduka angesikia, vazi jekundu lingepata mvaaji mpya siku hiyo hiyo. Nje ya vazi lile mimi ni msichana wa kufungasha maandazi ya maharage. Ndani yake, watoto walikuwa wakinikimbilia. Sikuwa tayari kulivua.

Sasa chai za bure. Wiki hiyo hiyo nikamwona Raizo akitoka kwa babu Orikasa, na akitokea mlango wa nyuma.

"Ulifuata nini kwa babu Orikasa?"

"Nani, mimi? Kunyolewa."

Nywele zilikuwa zimemfunika masikio. "Amekunyoa wapi, kwapani?"

"Alikuwa amechoka. Kunywa chai yako, itapoa."

"Ni ya baridi, Raizo."

Akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga mkia wa paka, akaondoka.

Siku mbili baadaye nikamkuta stoo na kofia yangu. Alikuwa ameivaa, tundu la kushoto ameliziba kwa kitambaa, anatembea polepole kati ya maboksi huku mikono ameitanguliza. Nilirudi kinyumenyume bila kuonekana. Alikuwa anajua. Na jioni hiyo binamu yake Honoka, mcheza dansi wa mji wa Sendai, akashuka kwenye treni na sanduku lake. Honoka alishawahi kulivaa vazi langu, wakati niko msibani kwa bibi. Ndiye aliyekuwa yule pacha, na watu walimsifu mpaka nikachoka kusikia. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yangu nilimwona nayo Raizo kwa macho yangu. Kwa jicho langu, tuseme.

Ijumaa kijitabu kipya kikafika. Nilikisoma nikiwa nimesimama palepale stesheni. Malkia wa Baridi amemwibia Mvuke jicho la kushoto, na kuanzia sasa Figili ndiye atakayemwongoza. Nilimsubiri Raizo nje ya duka la baba yake.

"Umemwambia."

"Nimemwambia nani nini?"

"Usijifanye figili. Jicho."

Alitazama viatu vyake. "Sikumwambia kama ni lako."

"Na Honoka? Vazi limemkaa vizuri?"

"Honoka amekuja kuoga, Chinami."

"Kila mwongo wa mji huu amekuja kuoga. Jumapili usinishike mkono."

"Utaanguka."

"Nikianguka si ndiyo utafurahi?"

Akaingia dukani. Nilihesabu kuondoka kwake kuwa ushahidi, maana nilikuwa nimeshaamua.

Jumapili watu walijaa. Raizo aliponyoosha mkono wake mweupe niliupiga kofi. Watoto walicheka. Akaunyoosha tena, nikampiga tena, na safari hii hawakucheka. Malkia wa Baridi akaja mbio kutoka kulia akipeperusha vitambaa vyake vya fedha. Nikageuka kushoto kumkwepa, nikapiga hatua, nikapiga nyingine.

"Chinami, simama hapo hapo."

Haikuwa sauti ya mkuu wa stesheni. Ilikuwa nyembamba, imepasuka katikati, na ilitoka ndani ya kichwa cha figili. Nikasimama. Vidole vya mguu wangu vilikuwa hewani, na chini yake zilikuwa ngazi za mawe za bafu. Kwenye spika Figili wa mkanda aliendelea kunguruma kwamba ataulinda mji milele. Kwenye mkeka wa mbele binti mdogo mwenye kofia ya majani akamuuliza bibi yake, "Bibi, Chinami ni nani?"

Nyuma ya pazia mwenyekiti Numajiri hakupandisha sauti. Hahitaji.

"Miaka yote hii hakuna aliyesema. Mkuu wa stesheni yuko pale nje, nimtazame kwa uso gani? Rudisha vazi, kijana. Tutatafuta mwingine."

Raizo aliinama mpaka jasho likadondoka sakafuni. Mimi nikangoja. Sentensi moja tu kuhusu jicho langu ingemwokoa, na mimi ningeondoka badala yake. Nilikuwa na uhakika ataisema.

"Samahani sana," alisema. "Nilijisahau."

Akalikunja vazi jeupe vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatoka bila kunitazama. Sijawahi kuona aibu kama ile niliyoiona pale.

Asubuhi nilikwenda kwa babu Orikasa, kwa mlango wa mbele. Kiti cha kinyozi bado kipo sebuleni, na ndicho pekee kisicho na karatasi. Nikakaa.

"Babu, naomba ubadilishe hadithi."

Akashusha kalamu. "Na wewe pia?"

"Sema Malkia ameiba sauti ya Figili, akamwachia ya mtoto wa shule. Ndiyo ile waliyoisikia jana. Basi haitakuwa kosa, itakuwa hadithi."

"Na hiyo Chinami?"

"Ndilo jina la siri la Mvuke."

Mzee alivuta pumzi ndefu. "Mwanangu, mimi ninataka nichore hadithi moja yenye kichwa na miguu kabla sijafa. Moja tu. Ninaipanga vizuri, anakuja yule mwenzako anakaa hapo ulipokaa. 'Babu, mgeuze Mvuke jiwe.' Kwa nini? 'Basi tu.'"

Jiwe. Nilikuwa nimeteguka kifundo cha mguu, nikawa nasimama tu jukwaani.

"Akaja tena. 'Babu, anayekuja badala yake asiwe Mvuke. Mfanye pacha, halafu pacha aende zake, ili Mvuke akirudi akute nafasi yake.' Nikamfanya pacha. Halafu kamba. Kamba nilimkatalia kabisa, haina mantiki. Akakaa hapo mpaka chai ikaganda."

Kamba ilikuja majira ya baridi, nilipoanza kujigonga kwenye milango. Nilidhani hakuna aliyeona.

Nililia kwenye kile kiti, sifichi. Mzee, kwa mazoea, akanifunika taulo shingoni, kisha akaishika tena kalamu akaanza kuchora nilichoomba.

Nilipofuta uso nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti Numajiri. Nikamwambia jicho langu la kushoto haliko sawa, kwamba ndilo lililomfanya Raizo aseme, na kama lazima mtu aondoke basi vazi la kurudishwa ni jekundu. Akauliza kama mama anajua. Nikasema atajua leo. Akasema nimwone daktari kwanza, na mambo ya mavazi ataamua akishasoma kijitabu cha babu Orikasa.

"Kipofu anaongozwa na aliyeibiwa sauti," alisema Ijumaa alipokisoma. "Mwenyekiti mwenzangu wa mji wa jirani atanicheka. Watu wataelewa nini hapa?"

"Hawajawahi kuelewa kitu, mwenyekiti."

Akakohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

Jumapili iliyofuata nilipanda jukwaani nisijue ni nani yuko ndani ya figili. Mwenyekiti hakuwa amesema, na Honoka alikuwa bado mjini, anaoga. Kichwa cheupe kilisimama hatua mbili kutoka kwangu, hakinisogelei, mikono imening'inia. Hapo binti wa kofia ya majani akasimama kwenye mkeka wake.

"Figili," aliita, "mshike Chinami mkono. Haoni huko."

Kile kichwa kikainama kidogo, majani yakatikisika, na ndani yake mtu akavuta makamasi. Nikamjua. Nikanyoosha mkono wangu wa kushoto kule nisikoona, nikaungoja wake, na sikumngoja kwa muda mrefu.