Sekunde Mia Nne na Themanini

Kikombe kilikuwa cha chuma, kidogo kama kile cha kupimia dawa ya kikohozi, na damu iliyokuwa ndani yake ilipaswa kumiminika. Muuguzi wa vyombo alikiinamisha kuelekea kwangu, juu kidogo ya shuka za kijani. Damu haikusogea. Ilibaki upande mmoja, imetulia kama gundi iliyoshika.

Pembeni yangu, namba nyekundu zilikuwa zikisema mambo mengine kabisa: mia tano ishirini na tatu.

Miaka mitatu imepita na bado nakiona kile kikombe nikifumba macho. Wakati ule nilikuwa na miezi minne tu tangu nihitimu, na nilikuwa bado siamini kwamba kazi kama yangu ipo duniani. Ili moyo ufunguliwe na kutengenezwa, lazima usimamishwe. Damu ya mgonjwa huhamia kwenye mashine, hupita ndani ya mipira ya plastiki, hupewa hewa, hurudishwa mwilini. Lakini damu ina akili yake. Ikigusa kitu kigeni, inaganda. Kwa hiyo mgonjwa hupewa kwanza dawa ya kuizuia, kisha sisi tunapima kama imetii. Damu kidogo inatiwa kwenye tyubu yenye sumaku ndogo, kijimashine kinaizungusha na kuhesabu sekunde. Damu ikiganda sumaku inakwama, na hesabu inasimama. Tunataka ivuke mia nne na themanini. Ikiwa chini ya hapo na tukafungua njia, damu yaweza kugandia ndani ya mashine, na mgonjwa asiamke tena.

Mkuu wetu, mama mmoja mwembamba aliyeianza kazi hii zamani, enzi za kupima kuganda kwa damu kwa saa ya mkononi, tulimwita Mama Sekunde. Yeye hakuacha desturi ya kikombe. Hesabu ikianza tu, muuguzi alichota matone machache kifuani kwa mgonjwa na kuyaweka kando. "Mashine ni shahidi mmoja," alikuwa akituambia. "Kesi ya moyo inataka mashahidi wawili." Sisi vijana tulimcheka kidogo, kwa heshima.

Mgonjwa wa siku ile alikuwa mwalimu wa kwaya. Vali moja ya moyo wake ilikuwa imechoka. Nilikwenda kumwona wodini siku moja kabla, nikamkuta ameketi kitandani, kidole chake kikigonga paja kana kwamba kuna watu chumbani wanaomtazama.

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayeshika mapigo moyo wangu ukinyamaza?"

"Mashine, mwalimu. Na mimi nitakuwa pembeni yake."

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Ishirini na mitano."

"Mh. Waimbaji wa umri huo wana sauti nzuri, ila wanakimbia. Wanaogopa kimya, basi wanakifukuza." Alicheka, akakohoa. "Na mimi usinikimbize."

"Mama, mwache dada wa watu," alisema binti yake, akikunja nguo miguuni pa kitanda. "Hajaja kufanya mazoezi ya kwaya."

"Mazoezi hayamwumizi mtu."

Nilimwahidi. Nilitoka wodini nikijisikia mrefu.

Asubuhi iliyofuata dawa ikaingia, dakika tatu zikapita, na daktari wa upasuaji akauliza bila kuinua kichwa, "Damu ya kupima iko wapi?" Hakuwa mkali. Mimi ndiye niliyekimbia. Mpira ulioingia kwenye mshipa wa mkono wa mwalimu husafishwa kwa maji yenye dawa ileile, usizibe. Kwa hiyo bomba la kwanza la damu humwagwa, la pili ndilo hupimwa. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hilo. Nilivuta moja tu. Nilikumbuka damu ikiwa tayari imo kwenye tyubu, nikajiambia: ni kidogo mno, haitaleta tofauti.

Sasa kikombe kilikuwa mbele ya macho yangu.

"Binti, namba?"

"Mia tano ishirini na tatu, daktari."

Mkono wake ukaenda kwenye koleo lililobana mpira wa mashine.

"Lakini tusiingie kwenye mashine," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Namba hiyo si yake. Nimepima maji ya mpira pamoja na damu. Sikumwaga ya kwanza."

Mkono ulibaki hewani. Nilisikia kila kitu mle ndani, hata viatu vya daktari wa usingizi vikihama. Nilingoja kufukuzwa. Mama Sekunde, aliyekuwa ameshika pampu, hakugeuka.

"Basi pima upya," alisema. "Taratibu."

Nikavuta ya kwanza, nikaimwaga. Nikavuta ya pili. Sumaku ikazunguka, na kwenye mia mbili sitini na moja ikakwama.

Alikuwa amepewa dozi kamili. Kumbe mwili wake ni kati ya ile michache: dawa ile huhitaji mwenzake ndani ya damu ili ifanye kazi, na kwake mwenzake huyo alikuwa haba. Ikaagizwa plazima, yale majimaji ya damu yenye mwenzake huyo, ya mchangiaji tusiyemjua, ikaning'inizwa, ikashuka tone kwa tone. Ikaongezwa dawa. Tukapima tena.

Mia tatu. Mia nne. Sijawahi kutazama kitu kama nilivyoitazama sumaku ile. Mia nne na themanini ikapita kimyakimya, na muuguzi alipokiinamisha kikombe kipya, damu iliteleza hadi ukingoni kama iliyokumbuka njia.

"Ingieni," alisema daktari.

Damu ya mwalimu ikatoka nyeusi kama zabibu, ikarudi nyekundu. Kisha moyo wake ukalegea, ukalala, na mstari kwenye skrini ukanyooka. Mapafu yametulia, moyo umenyamaza, na bado mtu yupo, ana joto, anatusubiri. Kilikuwa kimya kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kusimama ndani yake. Sikukifukuza.

Mchana, moyo ukiwa umerudi kazini na dawa ya kuondoa dawa imeshaingia, nilipima mara ya mwisho. Sekunde mia na kumi na nane. Asubuhi, kabla hatujamgusa, zilikuwa mia na ishirini na moja.

Siku ya nne nilimkuta ameegemea mito miwili.

"Ulikimbia?" aliuliza.

"Mwanzoni, mwalimu. Ubeti wa kwanza."

"Ukafanyaje?"

"Nikasimama. Nikawaambia nimekosea."

"Wengi huendelea tu kuimba," alisema.

Kidole chake kikaanza kugonga shuka, polepole. Mimi nisiyejua kuimba nikavuta kiti, nikakaa nikimsikiliza mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha.